Mluzi wa Mchakamchaka

Leo, katika safari zangu za kazi, nimepita penye gunia la dagaa katika soko la mji usio na ziwa, nikajikuta nimesimama kutega sikio.

Alfajiri zile za utotoni, kando ya ziwa, tulikimbia mchakamchaka kutoka shuleni hadi ufukweni, peku, tukiimba. Kiranja alikimbia nyuma na fimbo, na aliyebaki mwisho alichapwa. Mdogo wangu wa kike alikuwa na pumu, kwa hiyo nilikaa nyuma yake ili wa mwisho niwe mimi. Kifua chake kilipiga mluzi, nami niliusikiliza kuliko wimbo.

Siku moja, penye mawe wanapoanika dagaa, mluzi ulikatika. Mdogo wangu alichuchumaa, midomo imepauka.

"Inuka, wewe! Acha kudeka!" kiranja alifoka.

"Kaka, hapumui!" nilimlilia.

Kiranja alitupa fimbo, akambeba mgongoni na kukimbilia zahanati, akilia kuliko mimi. "Pumua, mama! Pumua basi!" Nilikimbia nyuma yao nikitega sikio, nikasikia vishindo vya miguu yetu tu. Tulipofika mlangoni, mluzi ukaanza tena.

Mpaka leo nikimpigia simu, sisemi kitu kwanza. Nasubiri.

"Napumua, dada," husema. "Haya, uko mji gani?"