Mrija wa Mate Chini ya Sakafu ya Helikopta

Yamila Quipildor alirithi mikono ya baba yake, fundi wa matrekta katika mashamba ya miwa ya Jujuy, kaskazini mwa Argentina. Shangazi zake walisikitika kuona vidole vinene vile kwa mtoto wa kike. Yeye akavipeleka jeshini, na jeshi likampa helikopta. Si mpya, usijidanganye. Kwetu helikopta mpya ni habari ya magazetini. Alipewa Huey, helikopta kuukuu ya Kimarekani iliyokuwa ikiruka kabla yeye hajazaliwa. Mafundi waliiita Bibi Mnene, na Yamila aliipenda pamoja na ukorofi wake wote.

Kwa miaka aliifungua na kuifunga, lakini saini ya kuiruhusu iruke ilikuwa ya mkuu wa karakana, mzee Etchegoyen. Julai ile, mzee akiwa anakaribia kustaafu, alimwekea sharti. Bibi Mnene akifaulu jaribio la kuruka baada ya matengenezo, saini itakuwa ya Yamila. Akikwama kwa kosa la Yamila, fundi huyo ataondolewa kwenye mashine na kupelekwa stoo. Na desturi ya karakana ile ilikuwa moja: anayesaini hupanda. Humpeleki mwenzako angani kwa karatasi huku wewe umebaki chini unakunywa mate, ile chai chungu ya majani inayonyonywa kibuyuni kwa mrija.

Mate yenyewe ilipigwa marufuku karibu na mashine, na kila mtu aliinywa karibu na mashine. Asubuhi ya jaribio baridi ilikuwa kali, chuma kinauma vidole. Mzee alimimina maji ya moto, kibuyu kikazunguka, wote wakinyonya kwa mrija mmoja wa chuma kama ilivyo ada. Yamila alikuwa akifunga sakafu ya helikopta pale washa ya alumini, kile kipete cha chini ya nati, ilipomponyoka na kutumbukia chini ya sakafu, kwenye fito za usukani. Sumaku haikamati alumini. Maji ya mate yalikuwa yameisha, basi akauchomoa mrija kibuyuni, akaivua washa kwa ncha yake bapa. Wenzake wakamshangilia. Mara akaitwa kushika kebo upande wa mkia, na aliporudi akafunga vifuniko vyote. Spana na bisibisi zikakaguliwa ubaoni, kila moja mahali pake. Hakuna pengo.

Mzee akasaini, akapanda. Kapteni Lisandro Ferreyra, rubani, akawasha injini. Yamila alisimama nje na mafundi wengine, roho juu. Mapanga yalikuwa yameanza kuzunguka mmoja wao alipokuja na chupa ya maji ya moto, akauliza mrija uko wapi.

Yamila hakukumbuka kuurudisha kibuyuni. Alijipapasa mifukoni. Labda uko mezani, alijiambia. Labda. Akinyamaza na helikopta ikarudi salama, saini ni yake. Akiisimamisha, mrija uwepo usiwepo, stoo inamngoja. Alitembea hadi mbele ya kioo cha rubani, akapitisha kiganja shingoni: zima.

Ferreyra alishuka amekunja uso, akauliza nani amemzimia ndege.

"Mimi, Kapteni. Inawezekana mrija wa mate uko chini ya miguu yako. Inawezekana haupo. Sijui, na ndiyo maana huruki."

Wakafungua sakafu. Mrija ulikuwepo, umelala katikati ya fito mbili, pale ambapo usukani ukivutwa kwa nguvu ungekwama. Hakuna aliyecheka. Mzee Etchegoyen aliutoa mwenyewe.

"Miaka yote nawapigia kelele kuhusu spana," alisema, "na mmiminaji wa mate ni mimi."

Hata hivyo ahadi ni deni. Alimwambia Yamila, kwa upole, kwamba sharti ni sharti: kesho aende stoo, na Jumapili achome nyama ya karakana nzima, kama alivyofanya kila aliyewahi kukosea pale. Yamila alikubali. Machozi yalimlenga, akayazuia asionekane na wanaume wale.

Ferreyra alikuwa bado anauangalia ule mrija.

"Kesho naruka na nani?" aliuliza.

"Na mimi," mzee akajibu.

"Hapana, mzee wangu. Wewe leo umenisainia mrija chini ya makalio. Huyu ndiye aliyenizuia nisiruke. Kesho asaini yeye, ama mtafute rubani mwingine."

Mzee alimkazia macho. Akacheka, mabega yakimtikisika, akasema haya, asaini, lakini adhabu ya nyama iko palepale.

Kesho yake Yamila alisaini. Jina lake lilitoka limepinda. Alipanda, akafunga mkanda nyuma ya Kapteni. Bibi Mnene akanguruma, akagoma kidogo, kisha akainuka. Yamila aliogopa njia nzima, na hajawahi kufurahi namna ile.