Kikapu cha Uji wa Dada

Baada ya kuugua, dada yangu alibaki na chakula kimoja tu kilichopita kooni, uji wa ulezi. Yeye anakaa Mkolani bondeni, mimi juu kwenye mawe. Kila asubuhi nilimpelekea uji kwenye chupa ya chai, nimeifunga kwenye keria ya baiskeli.

Chupa mbili zilivunjikia huko nyuma bila mimi kuona. Ya tatu ilikuwa ya wageni. Mke wangu alinikabidhi akisema hii ikivunjika, dada yangu atashinda njaa, na wageni wangu watakunywa chai kwenye sufuria.

Nikaamua kuweka kikapu mbele, macho yalipo. Sisi wa huku hufunga kila kitu kwa mpira wa tyubu: magunia, kuku, hata kitanda. Nami nikakizungushia mpira kwenye usukani hadi kikapu kikatulia kama kimechomelewa. Nikasali, nikapanda.

Katikati ya mteremko nikabana breki. Mkono wa breki haukuingia. Nikabana kwa nguvu, chuma hakikusogea. Nikashusha miguu, kandambili zikaburuzika, na Mungu alikuwa ameniwekea rundo la mchanga wa ujenzi kando ya njia. Nilipotulia humo, kitu cha kwanza nilichoshika ni chupa. Ilikuwa nzima.

Nilikokota baiskeli hadi kwa fundi wa pale chini. Ni mtu mzima mwenye wajukuu, lakini aliniamkia shikamoo kwanza, kisha akainama kutazama.

“Mzee, umefunga vizuri sana,” akasema. “Umefunga na breki.”

Ni kweli. Baiskeli yangu ni ya zamani, breki zake ni za vyuma vinavyopita chini ya usukani, na mpira wangu ulivikumbatia vyote. Waliokuwa wakingoja pancha wakacheka, mmoja akasema mzee alitaka kufika mbinguni mapema. Nikacheka nao.

Fundi akaukata mpira. Akabana kikapu kwenye usukani kwa bolti, juu ya vyuma vya breki bila kuvigusa, kisha akakiwekea miguu miwili ya chuma iliyoshuka hadi kwenye ekseli ya gurudumu la mbele. Nikamuuliza miguu ni ya nini, wakati usukani wenyewe una nguvu. Hakuchoka na maswali yangu. Alinieleza kwamba mzigo ukining'inia kwenye usukani unabebwa na mikono yangu, lakini ukiwa na miguu unabebwa na gurudumu.

Akatia jiwe kikapuni. Akageuza usukani kulia na kushoto, akabana breki moja moja, akainua gurudumu na kuliachia. Hakuna kilichogusana. Ndipo akatoa jiwe na kuniruhusu kuweka chupa, nikaizungushia kitenge isicheze.

Nilifika jua limeshapanda. Nikamwamkia dada.

“Marahaba. Umechelewa.”

Nikamsimulia yote nikimimina. Uji ulikuwa bado una moto. Alimaliza kikombe, akaongezewa nusu, kisha akauliza miguu hiyo ya chuma inashikaje gurudumu bila kulizuia kuzunguka. Nilijaribu kueleza kwa vidole, hakuridhika.

“Nishike mkono,” akasema, “nikaione mwenyewe.”

Tukatoka polepole hadi mlangoni. Alikuwa hajaufikia tangu augue.