Ngoma ya Mama Mbombo Hadi Stesheni

Mama Mbombo alikuwa mnene, na katika kazi yetu unene ulikuwa balaa. Tulihudumu kwenye mkahawa wa stesheni ya Kindu, tena siku ya treni tu. Na treni ile! Ilikuja ilipojisikia. Ikipiga honi kwa mbali, wanawake wa mtaa mzima tulitupa miiko tukakimbia, maana patron Banza, mwenye mkahawa, alitundika aproni tatu tu ukutani. Aliyewahi moja amepata kazi ya siku, wengine kwaherini. Uchoyo wa mtu yule, Mungu anisamehe, ulinichefua.

Mbombo alikuwa amezikosa treni mbili mfululizo. Watoto wake walikuwa wakila majani ya sombe bila chumvi, naye hakuacha kucheka.

"Hadidja," aliniambia, "hata miguu ikatae, hii ya tatu siikosi."

Basi ya tatu ikaja siku ya kumpokea mkubwa wa chama kutoka Bukavu. Tulikuwa uwanjani na vitenge vya chama, tukimchezea, Mbombo akiongoza mstari kwa kile kiuno chake. Katikati ya wimbo, honi! Tukatazamana. Kumwacha mkubwa na kuondoka kulikuwa ni kuitafuta jela.

Mbombo hakuondoka. Aliugeuza mstari tu.

"Wamama, munifuate! Musiache kuimba!"

Tukatoka langoni hadi stesheni tukitikisa viuno, wapiga ngoma nyuma yetu, na mkubwa, akidhani ndivyo ilivyopangwa, akafuata akipiga makofi. Nilicheka nusura kitenge kinianguke. Tukaujaza mkahawa, abiria wakaingia, mkubwa akaketi na njaa yake. Aproni tatu zingemfaa nani? Mbombo alijifunga kitambaa cha meza akaanza kubeba sahani.

"Sitwayeni, mwananchi Banza," mkubwa akauliza, mdomo umejaa samaki, "hawa wamama wote unawapa kazi?"

Banza akavimba kichwa. "Wote, mukubwa! Hawa njo wafanyakazi wangu."

"Wa kila siku," Mbombo akadakia.

Banza akazitazama aproni tatu ukutani. "Wa kila siku."

Mkubwa akampa mkono mbele ya watu wote.

Asubuhi iliyofuata Mbombo alitugongea milango. Reli ilikuwa tupu. Tuliingia, tukafagia, tukaosha vikombe ambavyo hakuna aliyevinywea. Banza alifoka mpaka akakauka koo.

"Sawa, patron," Mbombo akamwambia kwa upole. "Mukubwa angali mujini. Niende nimuulize?"

Treni haikuja siku ile. Tulilipwa.