Kopo la Mama Limerudi Mchangani

Leo nimegundua baba alimficha mama jambo kwa miaka arobaini.

Tulimwambia mama achague safari yake mwenyewe. Simba hataki, kreta hataki. "Nipelekeni kule nyikani Ngorongoro, kwenye mchanga mweusi unaohama."

Haya, twende. Mama na kopo lake kuukuu mapajani.

Miaka ya themanini mama alikuwa mpishi wa watalii, baba dereva wao. Mama akachota mchanga ule kwa kopo hilo, wa kusugulia sufuria (mnamjua na sufuria zake!). Jioni mzee wa Kimasai akamwambia mchanga ule ni mtakatifu, hautolewi pale. Tangu hapo mama aliogopa hata kulifungua kopo.

Leo, palepale mchangani, amepiga magoti, akalifungua.

Majivu!

Baba akakohoa. "Mchanga niliurudisha wiki ileile. Hayo ni majivu ya jikoni kwako."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa umeniomba nikulete tena uurudishe. Nami nilishakupenda; ningekuambia, ungekuwa na sababu gani ya kupanda tena gari langu?"

Mama akamkabidhi kopo.

"Majivu nayo yanasugua sufuria. Utasugua wewe."

Tumefika Karatu, jamani. Baba yuko uani anasugua sufuria, na mama kamletea kigoda.