Mwendo wa Mjukuu

Watu walimwita Chapuchapu, na jina hilo hakusingiziwa. Alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba. Chumba ambacho wenzake walikipaka kutwa nzima, yeye alikimaliza kabla jua halijapinduka, akakunja turubai lake na kushika njia ya nyumba nyingine. Ukimwuliza jana alipaka rangi gani, alijikuna kichwa. Kwake rangi ilikuwa kitu cha kumaliza, si cha kutazama.

Kisha binti yake wa pekee akashikwa na homa, na kabla mzee hajatambua kuwa haikuwa homa ya mchezo, binti akafariki. Aliacha mtoto wa kike, ndio kwanza anatembea kwa kupepesuka. Baba wa mtoto alikuwa dereva wa lori, leo huku, kesho kule.

"Mzee, nishikie mtoto mpaka nijipange," alimwomba mkwewe.

Chapuchapu alikuwa mgane, na uji wa mtoto hakujua hata unavyopoozwa. Akakubali.

Asubuhi ya kwanza alimshika mkono wakaenda kazini. Hawakufika mbali, mtoto akachuchumaa kando ya dimbwi lililomwagikiwa mafuta ya gari.

"Babu, ona."

"Nimeona. Twende."

"Ona."

Akainama, roho juu. Juu ya maji machafu kulikuwa na zambarau, na kijani, na rangi nyingine iliyokuwa ikitambaa katikati yao. Miaka yote ya kukoroga makopo, na hiyo hakuwa na jina lake.

Tangu hapo njia ikarefuka. Walisimama kwa ajili ya paka aliyelala ukutani, kwa ajili ya matone yaliyoning'inia kwenye kamba ya nguo, na wakati mwingine kwa ajili ya jiwe tu, jiwe lisilo na lolote. Wateja wakaanza kunung'unika.

"Fundi, siku hizi umekuwa kobe?" mmoja alimwuliza.

"Nina msimamizi mkali," akajibu, akimwonyesha kwa kidevu mtoto aliyekuwa akipaka ukuta kwa brashi kavu, ulimi nje.

Siku moja, mtoto akiwa amejilaza sakafuni kutazama vumbi likielea kwenye mwanga wa dirisha, mzee alijaribu kumkumbuka mama wa mtoto huyo alipokuwa na umri huo. Hakupata kitu. Alikuwa akitoka binti amelala, akirudi amelala. Alichokuwa nacho ni mgongo mdogo chini ya shuka. Akakaa juu ya kopo la rangi, akalia. Mtoto akaja, akamgusa goti.

"Babu, basi."

Mvua zikapita, zikaja nyingine. Ndipo dereva akarudi. Sasa alikuwa na kazi ya ghala, na mke, na chumba cha kutosha.

"Asante, mzee. Sasa naweza."

"Mtoto ni wako," Chapuchapu akasema. "Ila msimharakishe njiani."

Mkwewe akacheka. "Na wewe ndiye wa kuyasema hayo?"

Alipopata nafasi ya kwenda kumwona, mtoto alijificha nyuma ya mama yake wa kambo.

"Mwamkie babu," mama akamwambia kwa upole.

Akatoa kichwa, akamwamkia kama anavyoamkiwa mgeni yeyote. "Shikamoo."

"Marahaba, mama."

Mzee alikaa pale kutwa, macho yakitafuta kosa: nguo chafu, neno kali, chochote cha kumpa sababu ya kumdai. Hakukiona. Mtoto alikuwa amenawiri, anacheka hovyo, na mama yule alikuwa mwema. Akafurahi, na furaha yenyewe ikamchoma.

Jioni walimsindikiza mpaka mlangoni, ng'ambo ya barabara basi likingoja. Mtoto akapunga mkono alipoambiwa apunge, kisha akakimbilia ndani bila kugeuka. Mzee alibaki akiutazama mlango ule, buluu iliyopauka, iliyofifia zaidi pale ulipoguswa na vidole vya watu, mpaka dereva wa basi alipompigia honi.