Mbao za Daraja la Reli

Mwanangu, ipo Jumatatu moja ambayo nikiikumbuka, hata leo na uzee huu, moyo unanienda mbio kama nimesikia yowe sasa hivi. Hapa Sumbawanga sijamsimulia mtu. Wewe nakusimulia, na nikimaliza utaelewa kwa nini.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilitoka kijijini kwetu Mwazye nikaenda Mpanda kwa dada yangu Odilia, aliyenilea tangu mama alipofariki. Aliishi pembezoni mwa mji, nami nikawa najifunza useremala karibu na hapo. Nyuma ya nyumba zetu ilipita njia ambayo zamani ilikuwa tawi la reli la kwenda machimboni. Machimbo yalipofungwa, vyuma viling'olewa, likabaki tuta refu lililonyooka, na watu wa mtaa wakaligeuza njia ya miguu. Walipita humo wanafunzi, wagonjwa, akina mama waendao sokoni. Pale palipokuwa na daraja la treni, juu ya korongo lenye mawe, zilitandikwa mbao za mninga.

Aliyezitandika ni Mzee Anatoli. Ujana wake wote aliumalizia kwenye genge la kutengeneza reli, na reli ilipoondoka yeye hakuondoka. Kila asubuhi aliitembea njia ile mwanzo hadi mwisho na nyundo yake mkononi, akifyeka majani, akigonga misumari iliyochomoza. Hakuna aliyemtuma.

Sasa dada yangu alikuwa akilala chini, kwenye mkeka, nami nilitamani kumtengenezea kitanda. Jumapili moja mchana, watu wakiwa kanisani, nilikwenda darajani nikang'oa mbao mbili nzuri kuliko zote. Mahali pake nikapigilia mabanzi, yale magamba ya magogo yanayobaki mbao zikishapasuliwa, nikayapaka tope yafanane na mbao nyingine. Nilijiambia hii ni mali ya reli, na reli yenyewe haipo, kwa hiyo haina mwenyewe. Nikajiambia pia kwamba nitarudisha nyingine. Nilijiambia mengi siku ile, mwanangu.

Kitanda kilipendeza. Odilia alikipapasa akacheka, akasema, "Krispini, leo na mimi nitalala kama mtu." Nikamwambia mbao ni masalio ya karakana.

Mzee Anatoli angeyaona mabanzi siku ya pili tu, lakini malaria ilikuwa imemlaza. Mvua ikanyesha wiki mbili. Kila asubuhi dada yangu alipita pale kwenda sokoni, na mimi nilimwona akipita. Sikusema neno.

Jumatatu hiyo nilikuwa napiga randa. Nikasikia yowe kutoka korongoni. Tulikimbia, mimi na wenzangu wa karakana. Banzi moja lilikuwa limekatika katikati, na chini, kwenye mawe, alikuwa amelala mwanamke. Kitenge chake nilikijua. Mguu wake ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

Wenzangu walishuka. Mimi sikushuka, mwanangu. Nilisimama juu nikiangalia misumari yangu kwenye kile kipande kilichobaki. Nilitaka kuita "Dada!" na sauti haikutoka.

Mzee Anatoli akaja anajikongoja na fimbo, bado ana homa. Mwanamume mmoja akamkunja shati.

"Wewe mzee, daraja si ndiyo kazi yako? Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naumwa, baba," akajibu. "Lakini ilinipasa kumtuma mtu aangalie. Nisameheni."

Alitukanwa mbele yangu. Nilinyamaza.

Odilia alirudi kutoka hospitali na plasta hadi pajani, akalazwa kwenye kile kitanda. Mzee Anatoli akaja kumpa pole. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia vizuri tu, akaketi kando ya mgonjwa. Walipokuwa wakizungumza, mkono wake ukashika ubao wa ubavuni, na kidole kikaingia kwenye tundu. Akapapasa hadi tundu la pili. Kisha akainua macho akanitazama.

"Nisindikize, kijana," akasema.

Tulipofika nje, akasema polepole, "Matundu yale niliyatoboa mimi, ya misumari mikubwa ya daraja."

"Mzee, nisamehe."

"Usiniombe mimi. Mimi sikuvunjika mguu." Akaiegemea fimbo yake. "Sitamwambia mtu. Wakitaka kunitukana, wanitukane. Ila usimwache dada yako alalie mbao hizo bila kujua."

Nilirudi ndani nikamwambia. Nilitegemea alie, au anilaani. Alinitazama kama anayetazama mtu asiyemfahamu.

"Ulikuwa unaniona nikipita pale kila siku?"

"Ndiyo, dada."

"Nitoe kwenye kitanda hiki."

"Dada, mguu wako..."

"Nitoe, Krispini."

Nilimshusha kwenye mkeka, naye akiuma meno kwa maumivu. Nikaita majirani nikasema yote. Wapo walionipiga makofi, na nilistahili. Siku iliyofuata nilibomoa kitanda, nikarudisha mbao darajani, Mzee Anatoli akinishikia huku mimi napigilia. Odilia alinisamehe, lakini ilichukua zaidi ya mwaka, na alichechemea hadi siku tuliyomzika.

Juzi nimekusikia hapa mtaani kwetu Katandala ukiwaambia wenzako kwamba nondo za kile kivuko cha miguu kule Milanzi hazina mwenyewe, mkazing'oe mkauze. Nilishtuka, mwanangu. Nilisikia maneno yangu yanatoka kinywani mwako.

Basi nisikilize. Kitu cha wote kina mwenyewe, na mwenyewe ni yule atakayekikanyaga kesho akikiamini. Humjui ni nani. Anaweza kuwa aliyekulea. Usiguse kinachomshikilia mtu mwingine, hata kama nia yako ni kumpendeza umpendaye. Na ikiwa umeshakosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mwingine hajabeba aibu yako. Ukichelewa, kusema kunazidi kuwa kugumu, na kuna watu watakaoumia wakati wewe bado unatafuta ujasiri.

Mungu akupe mikono inayojenga, mwanangu. Akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na popote utakapopita, wanaokufuata wapite salama. Nenda na baraka zangu.