Sauti Chini ya Bati

Mshonaji yule hakutulia tangu vigae vya nyumba yake vianze kuvuja. Kaka yake alimwambia aezeke bati, yaishe, lakini yeye akawa kiguu na njia. Wingu likitanda tu, anaiacha cherehani na kwenda kupiga hodi kwenye nyumba yoyote yenye bati, akae humo shingo juu, akisuguasugua vidole vyake vilivyotobolewa na sindano. Watu walidhani anasita kuezeka bati kwa kuogopa joto lake. Siku moja mvua kubwa ilimkuta kwa jirani.

“Hebu sema kitu, mwenzangu,” aliomba, “ila taratibu, kama mgonjwa.”

Jirani akachezesha midomo. Mshonaji akasogea, akatega sikio, asiambulie kitu kwa kelele za mvua juu ya bati. Mama yake alikuwa wa kitandani, sauti imefifia, na kila alipotaka maji au kugeuzwa ubavu alimwita yeye, bintiye, kutoka chumba cha pili. Akarudi nyumbani amelowa chapachapa, akamkuta kaka yake barazani na fundi wa paa.

“Ezekeni bati,” alisema akihema. “Ila kwanza bomoeni ukuta kati ya chumba changu na cha mama.”

“Ukuta umekukosea nini, dada?” fundi aliuliza.

“Nisipomsikia, nimwone.”